Sekunde ya Arobaini

Jumatatu, 31 Julai 2023

Tisa! Wanafunzi ishirini na sita, na waliotazama video kabla ya kuja darasani ni tisa. Wengine wote wamekuja na kalamu mkononi, wamekaa, wananingoja nianze kufundisha. Nifundishe nini? Nimeshafundisha! Somo liko kwenye video, video iko kwenye mtandao wa chuo tangu Alhamisi, darasani tunakuja kuzungumza. Somo nyumbani, kazi darasani. Nimelieleza jambo hili mpaka koo limekauka.

Likizo yangu yote imeishia chumbani nikirekodi. Video kumi na mbili. Madirisha nimefunga, feni nimezima isije ikavuma, jasho linanitiririka, na bado jogoo wa jirani kaingia kwenye video ya pili na ya saba. Maka wa idara ya historia alinisaidia sauti za kiume. Hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa sababu naamini! Miaka kumi na tisa nimesimama ubaoni hapa Tonga nikiwahubiria Kiingereza, na wanatoka na vyeti vyao na hawawezi kumwambia daktari wa Auckland kwamba tumbo linauma. Sasa wale tisa wa leo — walizungumza! Vika, ambaye muhula mzima uliopita sikuwahi kuisikia sauti yake, kabishana kwa Kiingereza dakika nzima na kundi lake likampigia makofi. Kwa hiyo njia inafanya kazi. Wasiofanya kazi ni wao.

Wale kumi na saba nimewatoa nje wakakae kwenye ngazi.

Na mambo ninayowafanyia hawa watoto! Kila mwaka mwezi wa pili nakaa siku mbili nzima na karani kupanga mikondo, A na B, nani ndugu wa nani, nani mtoto wa mjomba wa nani, ili kaka na dada wasijikute darasa moja wakanyamaziana muhula mzima. Nani mwingine anajisumbua hivyo? Halafu dakika nane za video zinawashinda.

Jumanne, 1 Agosti

Nimeketi na ripoti ya mtandao. Inasema kila kitu: nani kafungua, lini, kwa muda gani. Na hazirukiki — usipomaliza moja, inayofuata haifunguki. Niliomba mwenyewe zifungwe hivyo.

Kumi katika wale kumi na saba ni wavivu wa kawaida, wataamka wakipigwa kelele. Saba wamekwama pamoja, palepale, kwenye video ya nne. Ya nne! Rahisi kuliko zote! Kumwalika mtu na kukubali mwaliko. Ina vichekesho ndani. Mimi na Maka tuliirudia mara sita kwa sababu ya kucheka.

Anayeniudhi kuliko wote ni Telesia Funaki. Akili anazo. Nafasi ya uuguzi inamngoja mwakani, akifaulu Kiingereza tu. Video ya nne kaifungua mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Na kila mara kaizima kwenye sekunde ya arobaini. Arobaini, arobaini na moja, arobaini. Dakika moja hawezi kunivumilia? Uso wangu unamchosha kiasi hicho?

Jumatano, 2 Agosti

Kikao cha baraza la taaluma. Nimesimama nikapendekeza kanuni: ambaye hajamaliza video ya sita kufikia Jumatano ijayo, tarehe tisa, anaondolewa kwenye kozi. Baraza litathibitisha majina tarehe kumi na nane. Hakuna kubembelezana.

Dk. Harwood, mkuu wetu, Mwaustralia wa mkataba wa miaka mitatu, amefurahi kama mtoto. Anapenda chati kama sisi tunavyopenda chakula cha Jumapili. Akasema ndiyo mara ya kwanza mtu wa kitengo cha lugha kumletea kanuni inayopimika. Imepita bila pingamizi. Hata kaka yangu Sateki, anayekaa kule mwisho wa meza kwa niaba ya majengo na usafiri, ameinua mkono bila kunitazama. Hajawahi kunipinga mbele za watu. Kwetu dada yuko juu ya kaka, na Sateki anajua mahali pake na mimi najua pangu.

Nimetoka kifua mbele.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimemwita Telesia ofisini. Kaja amefunga mkeka wake wa heshima kiunoni vizuri, nywele zimesukwa, kasimama mlangoni hata baada ya kumwambia kaa.

— Video ya nne ina nini?

— Haina kitu, Mwalimu.

— Intaneti hamna huko unakokaa?

— Ipo, Mwalimu. Kwa mjomba ipo. Iko sebuleni.

— Simu yako?

Kanionyesha. Simu ya tochi. Haya, simlaumu kwa hilo. Nikamuuliza, na chumba cha kompyuta hapa chuoni? Akasema Semisi wao hushinda mle na wenzake wa mkondo A. Semisi ni mtoto wa huyo mjomba. Nikamwambia basi akupishe kiti, ana pembe?

Anatazama vidole vya miguu.

— Wewe uuguzi unautaka au huutaka?

Akainua nyusi. Anautaka. Na machozi hayo yanakuja.

— Sasa sababu ni nini?

Anakunja ncha ya mkeka wake.

— Huna sababu?

— Sina, Mwalimu.

Nikamwambia: Jumatano. Baada ya Jumatano usinililie mimi. Na yeye — akanishukuru! "Asante, Mwalimu, kwa kunisemesha." Hakuna kinachonichoma kama mtu ninayemgombeza kunishukuru. Afadhali angebamiza mlango.

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani mara mbili. Kati ya ibada na ibada, kwa mama. Wamefukua shimo la kupikia, chakula kimeiva vizuri: majani ya magimbi na nyama ya kopo kwa tui. Nimekula mpaka naona aibu.

Sateki alikaa upande wa wanaume, karibu na mlango. Wifi yangu Kalolaine ndiye mjumbe, kama siku zote: "Sateki anasema paa la mama linavuja upande wa jikoni, atakuja Jumanne." Yeye yuko hatua sita kutoka nilipo! Nami nikamjibu kupitia Kalolaine: mwambie asante. Sioni ajabu. Ndivyo tulivyokuwa tangu nilipofikisha miaka kumi, na sina mtu ninayemwamini kuliko huyo anayekaa karibu na mlango.

Pisila, binti yake, kaning'ang'ania: "Shangazi, tuonyeshe video zako! Watu wote wanasema umekuwa nyota!" Mama naye, ndiyo, tuone. Nikasema leo Jumapili, hata nyota wanapumzika. Wamecheka. Nalala kidogo kabla ya ibada ya jioni.

Jumatatu, 7 Agosti

Wale wavivu kumi wamekimbizana, wamemaliza zote sita. Unaona? Kanuni!

Wale saba, palepale. Nimewapa darasa zima kazi ya mkono, aya moja. Telesia kaandika jinsi bibi yake kule visiwani Ha'apai alivyoukanyaga msumari, na yeye akiwa na miaka kumi na mmoja akamsafisha kidonda siku ishirini. Kiingereza safi, kosa moja tu. Nimesoma mara mbili. Halafu hasira zikapanda upya. Mvivu asiye na akili namwelewa. Mvivu mwenye akili ananidharau mimi.

Jumatano, 9 Agosti

Niandike kabla sijaanza kujidanganya ilikuwaje.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Nikajisemea, Ofeina, usiwe na roho mbaya, mpe binti nafasi. Nikabeba laptopu yangu mwenyewe, video zote ndani, nikaenda nyumbani kwa mjomba wake saa kumi. Niliona nafanya wema mkubwa! Njiani nilikuwa nikipanga nitakavyomsimulia Maka.

Mke wa mjomba alikuwa sakafuni anasuka mkeka wa arusi. Watoto wake watatu wa kiume, Semisi na wakubwa zake wawili, wamejilaza sebuleni wanatazama raga. Wote wakakaa wima nilipoingia. Raga ikazimwa. Nikapewa kiti, kilikuwa kimoja tu, na Telesia akaleta maji ya tikiti na nazi kwenye jagi.

— Karibu, Mwalimu, karibu sana! Kuna nini? Huyu kafanya nini?

— Hajafanya kitu, ndiyo taabu yenyewe.

Vijana wakacheka. Nikafurahia mzaha wangu. Nikaweka laptopu juu ya meza ndogo, nikasema ni dakika nane tu, na njooni wote, njooni mwone jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi! Nimewaita mimi! Kwa mdomo wangu! Mkubwa alikuwa anaelekea nje, nikamrudisha.

Telesia alisimama mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. "Mwalimu, tafadhali. Kesho. Chuoni."

— Kesho zako nazijua. Kaa.

Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Sekunde ya kumi, nawasalimu. Ya ishirini, naeleza maneno mapya. Ya thelathini, napunga mkono kama mpumbavu. Sekunde ya arobaini — sauti ya Maka, nzito, ya kubembeleza: umependeza leo, usiku sikulala nikikuwaza, utakuja kucheza nami Ijumaa? Na sauti yangu. Yangu! Inacheka cheko lile la pua. Nitakuja, nipitie nyuma ya nyumba, ila kaka zangu wasijue.

Semisi alishatoka kabla sijamaliza sentensi. Wa pili akapitia dirishani, kwenye banda la nguruwe, nikasikia nguruwe wakilia. Mkubwa akajifunika masikio kwa mto, akakanyaga jagi akitoka, maji ya tikiti yakamwagika juu ya mkeka. Telesia hakuwapo tena. Nami nahangaika kuizima, nabonyeza sipo, picha ikajaa kioo kizima, na mimi ndani yake naendelea kucheka.

Nilipoipata ile alama ya kuzima, tulikuwa wawili chumbani. Mke wa mjomba ameshika ukili hewani, hasuki. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Akasema, taratibu, kama anamwambia mgonjwa:

— Nikuletee mengine, Mwalimu. Hayo yamemwagika.

Alhamisi, 10 Agosti

Sikwenda kazini asubuhi. Nimesema naumwa, na si uongo.

Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kaka na dada hawakai mbele ya runinga moja kukiwa na maneno ya mapenzi. Wakisikia pamoja, mmoja anatoka, na siku tatu hawatazamani usoni. Watoto wa mjomba ni kaka, hakuna tofauti. Nimelelewa hivyo. Naishi hivyo! Darasani sijawahi kukosea hata mara moja — siku mbili kila mwaka napanga mikondo, najisifu humu humu, kurasa chache nyuma. Halafu nimelichukua darasa nikalipeleka nyumbani, na nyumbani ndiko waliko kaka. Mwenye shahada mbili ndiye mimi. Nilikuwa na mwongozo wa semina ya walimu mkononi, umeandikwa chagueni mambo yanayowavutia vijana, na nikajiona mjanja. Ile sentensi ya mwisho, ila kaka zangu wasijue, haikuwamo kwenye mwongozo. Niliitunga mimi. Ili ichekeshe.

Nimechukua majina ya wale saba. Wasichana sita, wote wanaishi nyumba moja na kaka. Feleti, mvulana peke yake, ana dada wanne na kompyuta moja. Kati ya waliomaliza, Vika hana kaka. Wengine kaka zao wako Australia wanachuma matunda, au wana simu zao wakajificha nazo huko mashambani. Orodha ilikuwa mezani kwangu siku kumi na ilisema wazi kabisa, nami nikasoma uvivu.

Mara kumi na moja alijaribu! Alikuwa akingoja sebule iwe tupu. Anafungua, anafika arobaini, kaka mmoja bado anasikika mlangoni, anazima. Na nilipomuuliza sababu, angesemaje? Aniambie usoni, Mwalimu, umerekodi jambo la aibu? Alinyamaza kunisitiri. Akanishukuru. Na mimi nikaandika humu kwamba ananidharau!

Niliidunda meza. Mkono umevimba.

Ijumaa, 11 Agosti

Video ya nne nimeiondoa. Nimerekodi nyingine: mtu anamwalika jirani kuvuna viazi vikuu. Inachosha, na iachwe ichoshe.

Lakini hesabu ilifungwa Jumatano. Majina saba yamebandikwa ukutani, la Telesia la tatu. Nikaenda kwa Dk. Harwood, nikasema nataka kuifuta kanuni yangu.

Hakunikatalia. Hapo ndipo palipo taabu, si mtu mbaya! Alisema kanuni imepitishwa na baraza, itafutwa na baraza, tarehe kumi na nane, na aliyeileta ndiye ataeleza kwa nini anaiondoa.

— Naweza kuandika barua?

— Andika. Nitaisoma kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu.

Nikamwambia ile video haifai majumbani. Akaifungua kwenye laptopu yangu, akaitazama yote dakika nane, akitabasamu. Akasema ni nzuri mno, hata busu hakuna, kasoro ni nini? Nikaanza: kaka na dada... Akasema basi, sawa, ndiyo sababu hiyo, iseme kikaoni, sentensi moja tu, Ofeina.

— Siwezi. Sateki atakuwamo.

— Sateki wa majengo? Ana nini?

— Ni kaka yangu.

Kalamu ikamdondoka. Miaka miwili amekaa nasi meza moja na hakujua! "Sijawaona mkisemezana hata siku moja," akasema. Nikamwambia, ndivyo hasa.

Nikamwomba aseme yeye. Akafikiri sana, akasema yeye mgeni hawezi kusimama mbele ya Watonga saba akawaeleza Watonga mila zao. Ana haki. Na hata akisema yeye, Sateki atakuwa palepale anasikia dada yake alicheka vipi na Maka. Tofauti iko wapi? Nilitaka kumrushia kitu. Nilijirushia mwenyewe, kimoyomoyo.

Jumatatu, 14 Agosti

Kwa Kalolaine. Nikamwambia, mwambie mumeo Ijumaa asiende kikaoni.

— Kwa nini?

— Mwambie tu.

— Wifi, ungekuwa na mume ungejua. Mwanamume haambiwi tu.

Ikabidi nimweleze. Alianza vizuri, kashika kifua kwa huruma, na nilipofika kwa kijana wa dirishani na nguruwe akaanguka juu ya kochi, kacheka mpaka machozi. Nikanuna. Kisha akajifuta macho, akasema:

— Sasa unaona? Nikimwambia sababu, umemwambia wewe. Nisipomwambia, atakwenda.

— Mwambie augue.

Jioni kaleta jibu: Sateki anasema yeye ni mzima wa afya, na kikao hajakosa miaka minane, na Ijumaa ataleta ripoti ya mapaa, je, dada yake ana shida gani na paa la jengo la lugha?

Nimepiga kelele ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Namkasirikia Harwood na kumbukumbu zake, namkasirikia Sateki kwa kuwa mzima, nawakasirikia waliotuzaa na heshima zao. Halafu nafikiri: ingekuwa Sateki amekaa na wenzake akisikia mambo yangu bila kutoka, ningemtazama tena? Nisingemtazama. Basi ninakasirikia nini?

Alhamisi, 17 Agosti

Nimemkuta Telesia mbele ya ubao wa matangazo. Nikamwambia najua. Sikusema najua nini. Masikio yakamwiva.

— Kesho uje ungoje nje ya chumba cha kikao.

— Mwalimu, nimeshaandikia nyumbani. Mama anasema nirudi na meli ya Jumatatu.

— Usirudi popote!

Nimemfokea tena. Sijui kusema naye kwa njia nyingine. Nilitaka kusema nisamehe, likatoka kama amri.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Kwa Kitonga, halitoki. Kwa Kiingereza linatoka, lakini Sateki Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, 18 Agosti

Saa nne asubuhi, mapumziko ya chai. Naandika kwenye veranda nimesimama.

Nimeshindwa.

Harwood alinipa nafasi. Nikasimama. Nikasema naomba kanuni ifutwe na wanafunzi saba warudishwe. Akauliza, sababu? Nikasema video ya nne haikufaa. Akauliza, kwa upole kabisa, haikufaa vipi? Kule mwisho wa meza Sateki ameinamisha kichwa juu ya karatasi ya mapaa.

Na wengine wote — walijua! Niliwaona wakijua. Mkuu wa uuguzi akaanza kuhesabu vidole vyake. Mchungaji wa chuo akatazama dari. Habari za nguruwe zimezunguka mji mzima tangu wiki iliyopita, hakuna asiyezijua, labda Sateki tu, kwa kuwa hakuna mwenye adabu ambaye angemwambia. Mmoja wao angeweza kulisema. Hakuna ambaye angelisema, mimi na yeye tukiwa chumba kimoja. Watu wanane, na dawa ya jambo iko vinywani mwetu sote, tumeibana kwa meno.

Nikalifungua daftari langu. Nikalifunga.

— Huna sababu? akauliza Harwood.

Maneno yangu yaleyale! Neno kwa neno, niliyomtupia yule binti mlangoni. Na nilijibu nini? Nilisema: sina. Nikatazama vidole vya miguu.

Akasema tunywe chai dakika kumi na tano, kisha tutathibitisha majina.

Telesia yuko kwenye benchi karibu na mlango, leo amefunga mkeka mzuri zaidi, mikono juu ya magoti. Hakuniuliza lolote. Ningependa aniulize. Kalolaine kanipita na trei ya vikombe — anasaidia jikoni Ijumaa — akaniminya mkono ule uliovimba, akaenda zake.

Kengele.

Saa nne na dakika ishirini. Ndani. Daftari liko mezani, wataona naandika kumbukumbu.

Kiti cha Sateki kitupu. Miwani yake iko juu ya karatasi za mapaa, imekunjwa. Mtu asiyerudi angeiacha miwani? Au mtu anayetaka waseme anarudi ndiye anayeiacha? Hajawahi kuchelewa miaka minane.

Harwood anasoma jina la kwanza. Hakuna pingamizi. La pili. Hakuna pingamizi. Anaangalia kile kiti, anauliza tumngoje Bwana Sateki?

Mkuu wa uuguzi anasema hapana. Mchungaji anasema hapana. Kwa haraka, kwa pamoja, kabla hajarudi, na sasa wote wananitazama mimi. Wote!

La tatu. Telesia Funaki.

Viatu kwenye korido. Navijua, vya Sateki vya kazini, kisigino cha kulia kinaburuza kidogo tangu aanguke kutoka paa la mama. Vinakuja. Vimefika. Vimesimama nje ya mlango, pale pale alipokaa yule binti, na haviingii.

Mlango wenyewe ni ubao mwembamba, alioutia yeye. Kila kitu kinasikika.

Nasimama. Niseme kwa sauti gani?